Kamati ya Kimataifa ya Kiyahudi kwa Mashauriano ya Kidini

Kamati ya Kimataifa ya Kiyahudi kwa Mashauriano ya Kidini (hujulikana zaidi kwa kifupisho IJCIC, kutokana na jina lake la Kiingereza) ni chombo cha pamoja cha mashirika ya Kiyahudi yanayoshughulikia uhusiano na dini nyingine. Iliundwa mwaka 1970 ili Wayahudi wawe na ujumbe mmoja wa kuzungumza na Kanisa Katoliki katika ngazi ya kimataifa. Baadaye iliendesha pia mazungumzo na Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Makanisa ya Kiorthodoksi ya Mashariki.

Kamati haina waumini wala masinagogi, na haiongozi mtu yeyote katika ibada. Kazi yake ni kuyakutanisha mashirika wanachama, kutafuta msimamo ambao wote wanaweza kuubeba, na kutuma wajumbe. Kazi hiyo huonekana nyepesi ikitajwa, lakini historia yake inaonyesha kwamba mara nyingi Wayahudi walipata shida zaidi kupatana wao kwa wao kuliko kuzungumza na maaskofu.

Kwa nini chombo cha pamoja kilihitajika

Uyahudi hauna papa, wala baraza moja lenye mamlaka juu ya Wayahudi wote. Kila jumuiya huajiri rabi wake, na neno la rabi huwa na uzito kulingana na elimu yake na heshima anayopewa. Israeli ina Marabi Wakuu wawili, na nchi kama Uingereza na Afrika Kusini zina Rabi Mkuu, lakini mamlaka yao hayavuki mipaka ya jumuiya zao. Nchini Marekani, ambako ndiko kwenye Wayahudi wengi zaidi nje ya Israeli, hakuna Rabi Mkuu kabisa.

Tena kuna matawi. Wayahudi wa Othodoksi (wasichanganywe na Wakristo Waorthodoksi) wanashika sheria ya Musa jinsi ilivyofafanuliwa na marabi wa kale. Wahafidhina wanaishika sheria hiyo wakikubali ibadilike kidogokidogo. Wanamageuzi wanaiacha sehemu yake kubwa kwa dhamiri ya kila muumini. Kando ya matawi hayo yapo mashirika yasiyo ya ibada, yaliyoanzishwa kutetea haki za Wayahudi: Kamati ya Wayahudi wa Marekani (mwaka 1906), B'nai B'rith (mwaka 1843), na Kongamano la Wayahudi Ulimwenguni (mwaka 1936).

Msomaji wa Tanzania anaweza kulinganisha. Serikali ikitaka maoni ya Wakatoliki huliandikia Baraza la Maaskofu. Ikitaka ya Waprotestanti huiandikia Jumuiya ya Kikristo. Na kwa Waislamu ipo BAKWATA, ingawa si Waislamu wote wanaokubali kwamba inawasemea. Aliyetaka maoni ya Wayahudi wa dunia kabla ya mwaka 1970 hakuwa na anwani ya kuandikia. Au tuseme alikuwa nazo kumi, na kila moja ingemjibu tofauti.

Mtaguso wa pili wa Vatikano

Hasara ya hali hiyo ilionekana wazi wakati wa Mtaguso wa pili wa Vatikano (1962–1965).

Tarehe 13 Juni 1960 mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa, Jules Isaac, alipokewa na Papa Yohane XXIII. Mke na binti yake waliuawa na Wanazi, naye alitumia miaka ya uzeeni kuchunguza jinsi mafundisho ya Kikristo kuhusu Wayahudi yalivyolisha chuki dhidi yao. Alimwomba Papa Kanisa liyarekebishe. Miezi michache baadaye Papa alimwagiza kardinali Augustin Bea, Mjesuiti kutoka Ujerumani, aandae hati juu ya jambo hilo.

Mashirika ya Kiyahudi yaliona mlango umefunguka, na kila moja likaingia kwa njia yake. Kamati ya Wayahudi wa Marekani ilimpelekea kardinali Bea maandiko mawili mwaka 1961, moja kuhusu vitabu vya shule vya Kikatoliki na jingine kuhusu liturujia. Mwaka 1962 likafuata la tatu, lililoandikwa na rabi Abraham Joshua Heschel. Wakati huohuo Kongamano la Wayahudi Ulimwenguni lilikuwa na mpango wake. Mnamo Juni 1962, bila kukubaliana kwanza na wengine, lilitangaza kwamba litampeleka Roma mwakilishi wake, Chaim Wardi, aliyekuwa ofisa wa Wizara ya Dini ya Israeli.

Tangazo hilo lilizua balaa. Nchi za Kiarabu zililalamika kwamba Israeli inaingizwa kwenye Mtaguso kwa mlango wa nyuma, na maaskofu wa Mashariki ya Kati wakahofia usalama wa waumini wao. Hati ya kardinali Bea, iliyokuwa imeandaliwa kwa karibu miaka miwili, iliondolewa kwenye ajenda. Ilirudishwa kwa sababu Bea hakukata tamaa, na kwa sababu Papa mwenyewe alimuunga mkono kabla ya mwaka huo kwisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa la watu wanaojenga nyumba moja bila kuulizana nani anapiga msingi.

Mwaka 1964 ukaja mgawanyiko wa aina nyingine. Rasimu ya wakati huo ilikuwa na maneno ya kutumaini kwamba Wayahudi wataingia katika Kanisa, na Heschel alikwenda Roma kumwona Papa Paulo VI tarehe 14 Septemba ili kuyapinga. Mwaka huohuo rabi Joseph Soloveitchik wa Boston, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wote kati ya Waothodoksi wa Marekani walio tayari kushirikiana na ulimwengu wa nje, alichapisha makala iliyosema kwamba Wayahudi wasijadiliane na Wakristo juu ya imani yenyewe. Kwake, imani ya jumuiya ni jambo la ndani lisilotafsirika kwa mwingine, na jumuiya ndogo ikikaa mezani na kubwa kujadili mafundisho, ndogo ndiyo itakayoombwa kupunguza. Lakini aliruhusu, tena alihimiza, mazungumzo juu ya haki, amani, umaskini na adili.

Tamko la Nostra Aetate lilipitishwa tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Lilikataa kuwalaumu Wayahudi wote, wa kale au wa sasa, kwa kifo cha Yesu, na lilisikitikia chuki dhidi yao. Kanisa lilikuwa limefungua mazungumzo, na sasa swali likawa ni nani atakayekaa upande wa pili wa meza.

Kuundwa kwa kamati

Waliojibu swali hilo walikuwa watu wachache waliofahamiana. Gerhart Riegner, katibu mkuu wa Kongamano la Wayahudi Ulimwenguni mjini Geneva, alikuwa ndiye aliyetuma telegramu ya Agosti 1942 kuyaarifu mataifa ya Magharibi kwamba Wanazi wanapanga kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya, na hakusikilizwa kwa miezi mingi. Rabi Marc Tanenbaum aliongoza idara ya dini ya Kamati ya Wayahudi wa Marekani, na Henry Siegman aliongoza Baraza la Masinagogi la Marekani.

Baraza hilo lilikuwa muhimu kuliko jina lake linavyoonyesha. Lilianzishwa mwaka 1926 na lilikusanya vyama vya marabi na vya masinagogi vya matawi yote matatu. Ushirikiano huo ulikuwa mgumu upande wa Othodoksi: mwaka 1956 wakuu 11 wa vyuo vya Talmudi walitoa hukumu ya kukataza kukaa katika baraza moja na marabi wa matawi mengine. Soloveitchik hakutia sahihi, na kwa sababu hiyo Waothodoksi waliomfuata walibaki. Bila wao kamati mpya isingeweza kudai kwamba inawasemea Wayahudi wa matawi yote.

Mnamo Desemba 1970 wajumbe wa Kiyahudi na wa Kikatoliki walikutana Roma na kukubaliana kuwa na kamati ya kudumu ya pande mbili, ambayo kwa kawaida huitwa Kamati ya Mawasiliano. Ilifanya mkutano wake wa kwanza Paris mwaka 1971. Mwaka 1974 Papa Paulo VI aliunda Tume ya Uhusiano wa Kidini na Wayahudi, nayo ikawa mwenzi wa IJCIC kwa upande wa Vatikano.

Namna ya kufanya kazi

Kanuni kuu ya IJCIC ni makubaliano ya wote. Shirika moja likikataa, tamko halitoki. Kwa kuwa Waothodoksi walishika mafundisho ya Soloveitchik, kanuni hii ilimaanisha kwamba teolojia haijadiliwi rasmi. Mada ziligawanywa katika mafungu mawili: yale yanayohusu uhusiano wenyewe, kama chuki dhidi ya Wayahudi na mafundisho ya shuleni, na yale ya jamii nzima, kama haki za binadamu na amani.

Katika utendaji mpaka huo haukuwa mnyoofu. Wajumbe wa Kiyahudi walitaka Wakatoliki waelewe uzito wa nchi ya Israeli katika imani ya Kiyahudi. Vatikano iliona suala hilo ni la kisiasa, na haikuwa na uhusiano wa kibalozi na Israeli hadi baada ya mapatano ya tarehe 30 Desemba 1993. Kwa upande mwingine, Wakatoliki walishangaa kualikwa kwenye mazungumzo ya kidini ambayo Mungu hazungumzwi. Malalamiko yao yalikuwa na haki. Hata hivyo, bila mpaka huo sehemu moja ya Wayahudi ingeondoka mezani, na Vatikano ingebaki na kundi linalozungumza vizuri lakini halimsemei mtu nyumbani.

Kamati ilikuwa ndogo siku zote. Kazi za ofisi zilifanywa na mashirika wanachama yenyewe, na uenyekiti umekuwa ukipokezanwa. Kati ya wenyeviti wake ni rabi David Rosen, aliyewahi kuwa Rabi Mkuu wa Ireland.

Misukosuko

Kati ya mwaka 1985 na 1990 Kamati ya Mawasiliano haikukutana hata mara moja. Sababu zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni monasteri ya masista Wakarmeli iliyofunguliwa mwaka 1984 katika jengo lililopakana na kambi ya Auschwitz, ambamo Wanazi walihifadhi gesi ya sumu. Kwa masista, kusali mahali pale kulikuwa tendo la toba na huruma. Kwa Wayahudi wengi, kulikuwa kama kusimika msalaba juu ya kaburi lisilo la Wakristo. Viongozi wa Kiyahudi wa Ulaya na makardinali walipatana Geneva mnamo Februari 1987 kwamba masista wahamishwe katika miaka miwili. Muda ulipita, na masista waliondoka mwaka 1993 tu, baada ya barua ya Papa Yohane Paulo II.

Ya pili ilitokea tarehe 25 Juni 1987, Papa alipompokea rais wa Austria, Kurt Waldheim, aliyekuwa ameficha utumishi wake katika jeshi la Ujerumani huko Balkani wakati wa vita. Mashirika ya Kiyahudi yalikasirika, na yapo yaliyotaka kuvunja mazungumzo. Hapo ndipo faida ya kuwa na chombo kilicho tayari ilipoonekana. Wajumbe wa IJCIC walikutana na maofisa wa Vatikano, na tarehe 1 Septemba 1987 walizungumza na Papa mwenyewe huko Castel Gandolfo. Katika mikutano hiyo Vatikano iliahidi kuandaa hati kuhusu maangamizi ya Wayahudi na mizizi ya chuki dhidi yao.

Mkutano wa Prague wa Septemba 1990 ulifungua tena njia: upande wa Kikatoliki ulitamka kwamba chuki dhidi ya Wayahudi ni dhambi, na kwamba Wakristo wana deni la toba. Hati iliyoahidiwa ilitoka tarehe 16 Machi 1998. Wayahudi wengi waliiona haitoshi, kwa sababu ilitenganisha makosa ya Wakristo mmojammoja na Kanisa lenyewe. Mwaka uliofuata iliundwa tume ya wanahistoria sita, Wakatoliki watatu na Wayahudi watatu, kuchunguza nyaraka za Vatikano za wakati wa vita. Mwaka 2000 tume ilitoa maswali 47, na mwaka 2001 ilisimamisha kazi kwa sababu haikuruhusiwa kufikia nyaraka ilizohitaji. Nyaraka za Papa Pius XII zilifunguliwa kwa watafiti tarehe 2 Machi 2020.

Wakati huohuo nguzo mojawapo ya kamati ilianguka. Baraza la Masinagogi la Marekani lilivunjika mwaka 1994. Kwa mazungumzo ya ndani ya Marekani, Wanamageuzi na Wahafidhina waliunda chombo chao, na Waothodoksi wakawa na mazungumzo yao pekee na maaskofu. Katika IJCIC vyama vya matawi yote viliendelea kukaa pamoja, jambo ambalo limekuwa nadra katika maisha ya Kiyahudi ya Marekani.

Kuandaa watu wa kazi hiyo

Waanzilishi walijifunza kazi kwa kuifanya. Hapakuwa na chuo kilichomfundisha rabi kusoma hati ya Vatikano, wala padre kuelewa kwa nini Myahudi anaweza kuwa Myahudi bila kuamini mengi. Walipoanza kuzeeka, swali la warithi likawa kubwa.

Sehemu ya jibu ilitoka kwenye elimu. Mkutano wa New York wa mwaka 2001 ulipendekeza kwamba seminari za Kikatoliki na vyuo vya marabi viwe na masomo juu ya dini ya upande wa pili na juu ya mabadiliko yaliyotokea tangu mwaka 1965. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki rahisi. Padre wa parokia asiyeijua Nostra Aetate atafundisha alichofundishwa utotoni; na rabi asiyeijua atawaambia vijana wake kwamba Kanisa halijabadilika. Kumfundisha wa kwanza kumekuwa rahisi zaidi, kwa sababu Roma ikiagiza seminari husikia. Vyuo vya marabi kila kimoja kina bodi yake na mtaala wake, na vile vya Othodoksi hutumia karibu muda wote kwa Talmudi.

Mashirika mengine yalijaza mapengo. Tangu mwaka 1996 shirika la Kiyahudi la kupambana na chuki, ADL, limeandaa kwa kushirikiana na Wakatoliki mafunzo ya walimu wa shule za Kikatoliki nchini Marekani, yaliyoanzia Washington, kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi na maangamizi. Leon Klenicki, rabi mzaliwa wa Argentina aliyeongoza mahusiano ya dini katika shirika hilo, alishirikiana miaka mingi na Eugene Fisher wa ofisi ya maaskofu wa Marekani kutunga vitabu vya kufundishia. Huko Cambridge, Uingereza, kituo cha mafunzo kilichoanzishwa mwaka 1998 ndicho sasa Taasisi ya Woolf. Mwaka 2002 vituo vya vyuo vikuu vinavyofundisha uhusiano wa Wayahudi na Wakristo viliunda baraza lao, ili walimu wabadilishane mitaala na wasomane kazi.

IJCIC yenyewe ilianza kuwakutanisha vijana. Mwaka 2009 Wayahudi na Wakatoliki wanaochipukia katika uongozi walikutana Castel Gandolfo, si kwa lengo la kutoa tamko bali ili wafahamiane. Lengo hilo linaweza kuonekana la kitoto kwa asiyejua jinsi mgogoro wa mwaka 1987 ulivyotulizwa: na watu waliokuwa na namba za simu za wenzao tangu zamani.

Afrika

Mwaka 1986 mazungumzo ya kwanza kati ya Wakristo wa Afrika na Wayahudi yaliyoandaliwa kupitia Baraza la Makanisa Ulimwenguni yalifanyika Nairobi. Mwaka 2001 mengine yalifanyika Yaoundé, Kamerun. Katika mikutano ya aina hii mambo hubadilika. Mkristo wa Afrika hakurithi historia ya Ulaya ya kuwafukuza Wayahudi mjini na kuwachoma moto, na wengi hawajawahi kumwona Myahudi. Anamjua kutoka Agano la Kale, ambalo mara nyingi analiona karibu na mila za wazee wake kuliko mmisionari aliyemletea. Kilicho kizito kwake ni ukoloni, biashara ya watumwa na umaskini, na huuliza mazungumzo haya yana nini cha kusema juu ya hayo.

Mkutano wa Cape Town wa Novemba 2006 kati ya IJCIC na Wakatoliki ulilijibu swali hilo kwa kuchukua mada ya huduma za afya, hasa UKIMWI. Ulikuwa unafuata mfano wa Buenos Aires wa mwaka 2004, ambako mada ilikuwa haki na sadaka, katika nchi iliyokuwa imeporomoka kiuchumi na ambayo bado inawakumbuka watu 85 waliouawa kwa bomu katika kituo cha Kiyahudi mwaka 1994. Mikutano hiyo miwili huhesabiwa kati ya iliyo hai zaidi, labda kwa sababu wajumbe walikuwa na jambo la kufanya pamoja mbele yao.

Njia nyingine za mazungumzo

IJCIC si anwani pekee tena. Tangu mwaka 2002 Marabi Wakuu wa Israeli wana tume yao na Vatikano. Marabi na wanazuoni pia wametoa matamko bila kupitia chombo chochote cha pamoja: mwaka 2000 kundi la wengi wao kutoka Marekani lilieleza jinsi Wayahudi wanavyoweza kuutazama Ukristo upya, na mwaka 2015 marabi wa Othodoksi walifanya hivyo kwa lugha ya imani ambayo Soloveitchik angeikataa. Mwaka 2017 hati nyingine ya Othodoksi, ya tahadhari zaidi lakini yenye mamlaka ya vyama rasmi, ilikabidhiwa kwa Papa Fransisko.

Mazungumzo na Baraza la Makanisa Ulimwenguni yamekuwa magumu zaidi kutokana na mgogoro wa Israeli na Palestina. Baraza hilo lina makanisa ya Wapalestina kati ya marafiki na wanachama wake, na huwasikiliza kama inavyotazamiwa. Pande mbili zilikutana tena Paris mwaka 2019.

Vita vilivyoanza tarehe 7 Oktoba 2023 vilirudisha suala la nani anawasemea Wayahudi. Mwezi uliofuata takriban marabi na wanazuoni 400 walimwandikia Papa Fransisko barua ya wazi, wakiomba msimamo wake dhidi ya chuki kwa Wayahudi uwe bayana. Papa aliwajibu tarehe 2 Februari 2024 kwa barua iliyoelekezwa kwa Wayahudi wa Israeli. Barua ya kwanza haikutoka kwa kamati yoyote. Iliandikwa na wataalamu wa uhusiano huo wenyewe, walimu wa vyuo na marabi, kizazi kilichosomeshwa kazi ambayo Riegner na Tanenbaum waliianza bila mwalimu.